Mbwa wa Nyasi

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mhariri kanipigia saa nne asubuhi, chai yangu ya tangawizi haijafika nusu. Ana kitabu cha Kiingereza, kurasa mia na hamsini za herufi kubwa, kinachofundisha hekima ya Tao kwa maisha ya kila siku. Anataka Kiswahili chake kabla ya Oktoba. Vitabu vya kutajirika vimewachosha wateja wake, anasema, sasa wanatafuta utulivu wa moyo. Malipo ya awali laki nne. Nimekubali kabla ya kuuliza nani kakiandika. Mabati ya uani yanavuja, vuli haiko mbali, na fundi alishapima tangu Ijumaa.

Kitabu kimeletwa jioni na bodaboda. Kila ukurasa sentensi nne tano na mchoro wa mwanzi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, mtaa mzima kimya. Nimefasiri kurasa kumi na mbili kwa siku moja na hilo ndilo linalonitia shaka. Kazi ya kawaida hunitoka kurasa nne, tano nikibahatika. Kitabu kinachodai kubeba maneno ya zaidi ya miaka elfu mbili hakipaswi kuteleza kooni kama bamia.

Nimekumbuka nilivyoingia humu mwenyewe. Katikati ya miaka ya 90 mwalimu mmoja wa kujitolea, akirudi kwao, aliniachia *The Tao of Pooh* ya Benjamin Hoff, kitabu cha 1982: yule dubu wa hadithi za watoto wa Kiingereza anawekwa kuwa mwalimu wa falsafa ya China. Nilikipenda. Nilicheka peke yangu kwenye basi la Tanga hadi jirani akaniuliza kuna nini. Sitajifanya leo kwamba nilikuwa mwerevu tangu zamani.

Nimekitoa kabatini. Kinaanza na ile picha ya wazee watatu waliozunguka chungu cha siki. Confucius anaonja anakunja uso, Buddha anaona uchungu, Laozi anatabasamu. Hoff anaifanya hukumu: hao wawili walikosea, huyu mmoja aliyapokea maisha yalivyo. Picha za namna hiyo zipo kweli, China na Japani. Lakini mara nyingi zilisomwa kinyume cha hivyo, kwamba mafundisho matatu yamechovya vidole kwenye chungu kimoja. Na ziko ambazo wazee wenyewe si hao kabisa: ni mshairi Su Shi, rafiki yake Huang Tingjian na mtawa Foyin, watu wa zama za Song waliojuana na kutaniana. Picha ya masahaba imefanywa mechi, na mshindi ametangazwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Tangu hapo Confucius wa vitabu hivi ni mwalimu wa nidhamu mwenye fimbo. Ajabu, maana katika *Zhuangzi* yenyewe, kitabu cha kale cha Kidao, Confucius hakauki. Pengine anachekwa, pengine ndiye anayetiwa mdomoni maneno mazito kuliko yote. Aliyeyaandika yale alimheshimu vya kutosha hata akamtania.

Jumapili, 11 Agosti

Tao au Dao? Mhariri anataka Tao kwa sababu ndiyo iliyo kwenye jalada la Kiingereza.

Marehemu mama, mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, angelimaliza jambo hili kwa dakika moja. Kwake paa la nyumba halikuwa p'aa wa porini, na kaa la moto halikuwa k'aa wa pwani. Moja unalitamka kavu, jingine unalipulizia pumzi. Nikichanganya alikuwa anasema, "Wewe umeharibiwa na bara." Sasa, mfumo wa zamani wa kuandika Kichina kwa herufi za Kirumi, wa Wade na Giles, ulifanya vivyo hivyo: t peke yake ni kavu, inakaribia d, na t ya pumzi inawekewa ritifaa. Kwa hiyo "Tao" bila ritifaa ilikusudiwa kutamkwa karibu na "Dao". Wasomaji hawakuambiwa, wakaipulizia. Mtu anaweza kuuza vitabu vya somo miaka hamsini bila kuwafundisha wanunuzi kulitamka neno la kwanza kwenye jalada.

Hoff, nimpe haki yake, aliitunza ritifaa. Utani wote wa kitabu chake umesimama juu ya P'u, gogo ambalo halijachongwa, linalofanana kwa sauti na jina la dubu. Nami nitaandika Dao. Mhariri akilalamika nitamsimulia habari za paa na p'aa.

Kuna pia sura nzima kuhusu ule msemo wa safari ndefu na hatua ya kwanza. "Maili elfu." Kichina kinasema li, na li ni kama nusu kilomita, safari yenyewe ni Dar hadi Dodoma na masalio kidogo. Na hatua haitajwi. Kinachotajwa ni pale chini ya nyayo, mahali uliposimama. Tofauti ni ndogo, lakini kitabu kimejenga kurasa tisa juu ya hatua ambayo haimo.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwama ukurasa wa 61. Kwa mujibu wa kitabu, sura ya 5 ya *Daodejing*, kitabu kinachonasibishwa na Laozi, inafundisha kwamba Dao haina upendeleo, na mwenye hekima huwapokea watakatifu na wenye dhambi sawasawa. Nimeandika "wenye dhambi" nikaweka kalamu chini. Neno la mimbarini limefikaje China karne kadhaa kabla ya Kristo?

Nimefungua tafsiri ya D. C. Lau ya 1963, nakala yangu iliyoliwa na mende pembeni. Hakuna mtakatifu, hakuna mwenye dhambi. Kuna mbwa wa nyasi.

Mbwa hao walikuwa vifaa vya ibada. *Zhuangzi*, sura ya 14, inaeleza: kabla ya sadaka wanawekwa ndani ya kisanduku, wamefunikwa vitambaa vya nakshi, na kuhani hufunga kwanza ndipo awashike. Sadaka ikiisha wanatupwa. Wapita njia wanawakanyaga vichwa na migongo, mkata majani anawaokota akawashie moto. Na sura ya 5 inasema kwamba mbingu na ardhi hazina huruma ya kibinadamu, viumbe vyote kwao ni mbwa wa namna hiyo. Kisha inamtaka mtawala mwenye hekima awaone watu wake kwa jicho hilohilo.

Nimeisoma mara nne. Inatisha. Inaweza kuwa na maana ya uadilifu usiopendelea, inaweza kuwa na maana ya ubaridi wa mfalme, na wafafanuzi wa Kichina wameivuta huku na huku. Wang Bi, aliyekufa mwaka 249 akiwa na miaka 23 tu, aliwatenganisha kabisa nyasi na mbwa katika ufafanuzi wake, wakawa vitu viwili. Hayo ndiyo mabishano ninayoyataka kitabuni. Mwandishi wetu kafagia uwanja, mbwa hawaonekani, na msomaji hatajua kwamba walikuwapo.

Nadhani najua alikowafagia. *Daodejing* ya Stephen Mitchell, 1988. Kiingereza chake ni kitamu na kinauzwa mpaka leo. Hajui Kichina, na mwenyewe hakuficha: alitegemea tafsiri za wenzake na miaka 14 ya mafunzo ya Zen, ambayo ni Ubuddha. Kwake sura ya 5 haina mbwa. Na sura ya 3, ambapo mtawala anashauriwa kuwashibisha watu tumbo na kuwapunguzia kujuajua, tumbo limekuwa "kiini". Tumbo! Neno ambalo hata mtoto wa chekechea hawezi kulikosea. Ursula K. Le Guin naye hakujua Kichina alipotoa toleo lake la 1997, lakini alifanya kazi na J. P. Seaton aliyekijua, na akasema waziwazi kwamba alichotoa si tafsiri.

Tumbo likiondoka, mfalme anaondoka nalo. Na *Daodejing* kwa sehemu kubwa inazungumza na mfalme. Ufafanuzi wa kale kuliko yote tulio nao umo ndani ya kitabu cha Han Feizi, bingwa wa sheria kali na adhabu. Kaizari Xuanzong wa Tang aliiandikia ufafanuzi kwa jina lake. Sura ya 65 inashauri raia wasifanywe wajuaji, maana watu wajuaji ni shida kuwatawala. Sisi tuliokua tukisikiliza hotuba za wakubwa kila sikukuu tungeielewa sura hiyo haraka sana. Kitabu cha mwanzi kinairuka, kinakwenda moja kwa moja kwenye maji na utulivu.

Nami natakiwa nitafsiri Kiingereza kilichotafsiri Kiingereza. Nguo ya mtumba iliyofuliwa mara tatu, nembo ya kiwandani imeshafutika.

Jumamosi, 17 Agosti

Mpwa wangu kaja na embe dodo. Alisoma udaktari Wuhan miaka mitano, Kichina anakisoma bila kusitasita. Nikamwonyesha kitabu. Amepekua kimyakimya, halafu: "Mjomba, hawa watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Watu wa dini yenyewe."

Akanisimulia Changchun Guan, hekalu la Kidao lililo Wuchang, alikokuwa akipita na basi na siku moja akashuka. Watawa wamefunga nywele utosini kwa kijiti, wamevaa kanzu za buluu. Udi wa kuchoma mkononi. Bibi mmoja kapiga magoti juu ya mto, akainama, akainuka, akainama tena, mpaka mpwa wangu akaanza kuhesabu. Mama mwingine amemleta kijana wake kabla ya mtihani. Ukutani majina ya miungu ambayo hakuweza kuyamaliza. "Miaka mitano sikusikia hata mtu mmoja akiniambia kuachilia mambo," kasema. "Wenyewe walikuwa na shughuli tele."

Alipoondoka nimebaki na neno *njia*. Dao ni njia. Nimekuwa nikiiandika kwa siku kumi nikiwaza barabara, kijia, pito. Lakini pwani tunayo njia nyingine. Babu alikuwa mtu wa Qadiriya, akienda ziara Bagamoyo kila alipoweza, na hiyo ndiyo njia: tarika. Ina sheikh, ina silsila inayotajwa jina kwa jina, ina uradi wa kila siku, ina dhikri inayotoa jasho, ina ijaza usiyoweza kujipa mwenyewe. Vitabu vilikuwapo, lakini kusoma kitabu hakukumfanya mtu kuwa murid.

Udao wa miaka karibu elfu mbili umekuwa njia ya namna hiyo. Mwaka 142, kwa mapokeo yao, Zhang Daoling alipata ufunuo Sichuan, na wafuasi wake wakawa na jumuiya yenye viongozi, maungamo ya makosa na mchango wa mchele. Wapo makasisi wenye ndoa na wapo watawa wa Quanzhen, walioanza karne ya 12. Mkusanyiko wao mkubwa wa maandiko, *Daozang*, ulichapwa mwaka 1445 ukiwa na vitabu karibu 1,500: ibada, dawa, hirizi, ramani za ndani ya mwili, wasifu wa watakatifu. *Daodejing* ni kimoja kati yao, chenye herufi kama elfu tano tu. Vitabu vya kwenye rafu hutaja viwili, mara chache vitatu, kisha vinaandika kwamba vilivyobaki ni falsafa nzuri iliyooza ikawa ushirikina.

Hadithi hiyo ya kuoza ina wazazi. James Legge, mmisionari wa Kiskoti aliyekuja kuwa profesa wa kwanza wa Kichina Oxford na akatafsiri maandiko haya mwaka 1891, alikuwa msomi mchapakazi kuliko hawa wote. Lakini yeye na wenzake walikwenda na jicho la Kiprotestanti: kitabu cha kale ni safi, kasisi na ubani wake wamekiharibu. Hoff na wenzake wamerithi jicho hilo bila kujua, wakalivalisha kandambili.

Nimegundua jambo la kuchekesha nikipanga tarehe. Mwaka huohuo wa 1982 Kristofer Schipper, Mholanzi aliyeishi Tainan, Taiwan, akasoma chini ya makasisi mpaka yeye mwenyewe akatawazwa kasisi, alitoa Ufaransa *Le corps taoïste*. Humo mna sadaka, ngoma, kijiji, mwili. Dubu na kasisi mwaka mmoja. Najua ni yupi aliyefika hadi kwenye basi la Tanga.

Jumatatu, 19 Agosti

Umeme umekatika tangu saa moja. Naandika kwa tochi ya simu, kifupi.

Kabla sijawalaumu sana wageni: mimi nina hasira ya mtu aliyeibiwa. "Hakuna matata" ilikuwa maneno ya mtu anayekwambia baiskeli yake haikuvunjika. Filamu moja ya 1994 ikaifanya falsafa ya maisha. "Pole pole" ni onyo la kondakta, sasa iko kwenye fulana za watalii kana kwamba Waswahili ni taifa la watu waliokwishafika. Rumi pia, katika Kiingereza cha Coleman Barks asiyesoma Kiajemi, ameachwa na mapenzi tu, swala imebaki nje ya mlango. Nikisoma kuhusu mzee wa Kichina anayetabasamu kando ya mto namjua. Ni ndugu yake yule Mswahili wa kwenye fulana.

Alhamisi, 22 Agosti

Kitabu kina kurasa sita juu ya mpishi Ding, yule wa *Zhuangzi* sura ya 3 anayepasua ng'ombe mbele ya bwana Wenhui. Funzo lililotolewa: acha kujilazimisha, kazi itajifanya.

Nimekwenda buchani kwa mzee wa kona. Vijana wake wanatumia shoka na gogo, mifupa inaruka hadi kwenye mizani. Yeye ana kisu kimoja chembamba, kimekwisha kwa kunolewa, upana wake umebaki kama kidole. Nikamwomba anikatie bega. Hakukata. Alishika mkono wa mbele akauchezesha kidogo, kama daktari anayepima goti, akapata pale mfupa unapokutana na mwenzake, akaingiza ncha. Lilianguka lenyewe. Halafu akafika kwenye fundo la mishipa nyuma ya bega akanyamaza. Alikuwa akinisimulia habari za Yanga mpaka hapo. Uso ukakaza, kisu kikawa kinakwenda taratibu mno hata sikuona kama kinakwenda.

"Hapo pana nini, mzee?"

"Hapo panatafuna kisu. Ukijifanya unapajua, umekwisha."

Hayo yamo katika hadithi ya Ding, neno kwa neno siwezi kusema lakini kwa hali kabisa. Kisu chake kina miaka kumi na tisa na ng'ombe maelfu. Miaka mitatu ya mwanzo aliona ng'ombe mzima tu. Akifika kwenye fundo anaingiwa na hofu, anapunguza mwendo, anakaza macho. Kurasa sita za mwanzi zimebakisha ulaini wa mwisho, zikaacha hofu na miaka. Msomaji anaambiwa aachilie kitu ambacho bado hajakishika.

Bega kilo mbili na robo. Nimemlipa, kaniongezea kipande cha maini.

Jumanne, 27 Agosti

Wu wei nimeifuta mara saba. "Kutotenda" inanuka uvivu. "Kuacha mambo yaende" ni maneno ya mtu aliyekata tamaa na serikali ya mtaa. Kwa siku mbili nilipenda "kutenda pasipo pupa", lakini pupa ni tabia ya mtu na hapa linazungumzwa jambo la utawala pia, mfalme asiyeingiza mkono kila mahali. Nimeandika "kutoingilia" pembeni kwa penseli.

Utangulizi wa kitabu unasema mzee mmoja aliandika yote kwenye lango la mpakani, kwa ombi la mlinzi, akapotelea magharibi. Ni hadithi nzuri na ina zaidi ya miaka elfu mbili. Lakini mwanahistoria Sima Qian aliyeihifadhi, karibu mwaka 100 kabla ya Kristo, alitaja watu watatu wanaoweza kuwa Laozi na hakuamua. Mwaka 1973 kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, lilitoa nakala mbili za hariri ambamo nusu ya pili ya kitabu inatangulia ya kwanza. Mwaka 1993 ikafuata mianzi ya Guodian, ya karibu mwaka 300 kabla ya Kristo: sehemu tu ya kitabu, kwa mpangilio mwingine. Guodian ni mkoa wa Hubei, huohuo wa Wuhan. Kwa sisi tuliowahi kulinganisha nakala mbili za utenzi wa *Al-Inkishafi*, hili halishangazi hata kidogo. Beti huhama, mnakili huongeza, mjukuu hupunguza. Mwanzi wa kweli, wenye maandishi, umefukuliwa miaka thelathini iliyopita. Kitabu chetu kina mwanzi wa kuchora.

Nimemwandikia mhariri. Nimemwambia sitaweza, na kwa nini, kurasa mbili.

Jumapili, 1 Septemba

Kajibu kwa simu, hana hasira. "Ndugu yangu, watu hawanunui mbwa wa nyasi." Amempa kijana mwingine, anayefasiri haraka. Laki nne anazitaka, mwisho wa mwezi. Laki mbili na nusu zimeshapigiliwa misumari juu ya uani. Ananipa njia ya kutoka: nisahihishe kazi ya kijana, nusu ya malipo, deni linafutika humo humo.

Nimekubali. Kurasa arobaini za kwanza zimefika mchana huu kwa bodaboda yuleyule. Kiswahili cha kijana si kibaya. Kaandika Tao, nimeacha, jalada limeshachapwa. Ukurasa wa 38 kaandika kwamba mtawala hujaza "viini vya watu". Nimekata kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake: matumbo.

Wa 61 bado haujaletwa.